Baridi ya Avelina

Sura ya Saba

Tangu kunakucha nilikuwa situlii. Nilikaa, nikasimama, nikafagia ua ambao mama alikuwa ameshaufagia, nikabandika maziwa yakafura na kumwagikia kuni nami nimeyakodolea macho. Shangazi Tecla, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele, na kila nilipopita alitikisa kichwa.

"Avelina, kaa chini. Msichana anayeposwa hatangatangi kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nimekaa, shangazi."

"Umekaa wapi, nawe umesimama?"

Nikakaa. Nikasimama tena. Kwa kweli sikujua kama siku ile nilikuwa naposwa au nashitakiwa. Wageni kutoka Ngara walikuwa njiani kuja kwetu Nyantakara, na baba alikuwa amewakubalia waje kabla ule wimbo haujafika kijijini. Baada ya wimbo kufika, baba aliacha kuzungumza nami isipokuwa kuniomba chumvi. Neno lake likitoka halirudi, kwa hiyo wageni wangepokelewa. Ila kupokelewa si kukubaliwa, hilo nililijua vizuri.

Mwanamume aliyeniletea balaa lote hili aliitwa Sostenes. Alikuwa mwalimu wa fizikia kule Bukiriro, kwenye milima ya Ngara, ambako mwezi wa saba ukungu huingia nyumbani bila kupiga hodi. Wenzake wakifunga shule hulima au huenda kutembelea ndugu. Yeye hupanda kilimani alfajiri na kinasa sauti kidogo alichokivisha manyoya ili upepo usikipige, akakilaza kwenye nyasi, akachuchumaa kando yake. Hunasa umande unaodondoka kwenye majani ya migomba. Hunasa upepo wa kilele, na mvua ya mawe ikipiga bati la nyumba ya walimu. Kisha huziingiza sauti hizo kwenye kompyuta, akazivuta, akazilaza moja juu ya nyingine pamoja na kinanda cha umeme kinachokwenda polepole sana, mpaka panatokea wimbo mrefu usio na mwimbaji, usio na ngoma, usio na kiitikio. Watu wa Norwei na Aislandi humwandikia kwamba wanausikiliza.

"Wao wana barafu yao, sisi tuna ukungu wetu," aliwahi kuniambia. "Baridi ni baridi. Nataka na ya kwetu isikike."

Niliusikiliza naye, spika moja sikioni mwangu, ya pili sikioni mwake, mashavu yetu yakikaribia kugusana. Nitasema kweli: sikutulia. Baba yangu, mzee Pancras, ni mwalimu wa kwaya, nami nimekulia kwenye beti na viitikio. Kila wimbo ule ulipoendelea nilikuwa nangoja mwimbaji aingie. Hakuingia. Na Sostenes mwenyewe alikuwa vivyo hivyo. Nilimngoja aseme neno moja tu, lile ambalo hata wapiga debe wa Nyakanazi hulisema bila kuombwa, naye halisemi. Rafiki zangu hutumiwa ujumbe wa "nimekumisi, mpenzi". Mimi nilitumiwa mvua ya mawe.

Nilimpenda hivyo hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yenyewe.

Sasa, huyu bwana asiyesema, siku alipoamua kusema akasema kwa dunia nzima. Aliweka mtandaoni wimbo mpya, akauita "Baridi ya Avelina". Mtu mmoja wa kwaya akauona, akautupa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, na kabla jua halijafika utosini Nyantakara yote ilikuwa inajua kwamba mimi ni wa baridi. Mwanamke akiitwa wa baridi kila mtu anaelewa kinachosemwa, hata wale ambao Kiswahili wamekikuta shuleni na nyumbani wanaongea Kisubi au Kisukuma. Wauza muhogo waliniuliza sokoni, "Avelina, jua lote hili na wewe hujapata moto?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Shangazi Tecla yeye hakucheka. Ndiye mwenye kazi ya kunifunda, kwa hiyo aliona ameibiwa kazi yake. Alinivuta chumbani akafunga mlango.

"Amejuaje?"

"Amejuaje nini, shangazi?"

"Kwamba una baridi. Uji haujulikani kama umepoa mpaka mtu autie mdomoni."

Nilimwapia kwa Bikira Maria. Hakuamini mpaka nilipolia. Nikampigia Sostenes nikamwambia, eleza. Nilisikia upepo nyuma yake, bila shaka alikuwa huko huko kilimani kwake. "Nitakuja," alisema. "Eleza sasa hivi!" Upepo ukaendelea. "Nitakuja, Avelina." Nikakata simu, nikaitupa kitandani, nikaifuata nikaangalia kama amepiga tena. Hakupiga.

Walifika mchana, wamejaa vumbi la njia ya Lusahunga. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, ila pazia lile lilikuwa na upenyo na jicho langu lilijua pa kwenda. Nilimwona Sostenes akiketi pembeni kabisa ya kochi, begi la kompyuta limebanwa magotini, shati jeupe limemkaba shingo. Alikuwa amekonda. Alitazama zulia, akatazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, kisha akalitazama pazia. Nilirudi nyuma kwa haraka nikajigonga kabatini. Ninaapa alitabasamu.

Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, mzee Gozbert, mtu mwenye tumbo kubwa na maneno mengi. Mposaji huwa hasemi siku hiyo. Husemewa na mshenga wake, naye hukaa kimya kama kichanga kanisani. Kwa Sostenes hiyo haikuwa adhabu hata kidogo.

"Wakwe zetu, tumetoka mbali," Gozbert alianza baada ya shikamoo na marahaba kuisha na soda kufunguliwa. "Tumepita vijiji vingi, tumeona mengi, hatukusimama. Kijana wetu amekua, ana kazi, ana nyumba, ila nyumba haina moto. Kwa kifupi tumekuja kuomba jiko."

"Jiko?" Shangazi Tecla aliweka chupa yake chini. "Jiko gani hilo mnaliomba hapa, na huko mtandaoni mmetangaza kwamba ni la baridi?"

Wazee wa ukoo wetu wakaguna. Gozbert alipangusa jasho. Alikuwa mtu mzuri, lakini akipata wasiwasi zile r na l zake hupishana njiani.

"Dada yangu, hiyo si balidi mbaya. Ni balidi nzuri. Kwetu Bukililo tunaijua faida yake. Kitu cha balidi hakichachi upesi, hakioz..."

"Mwanangu ni nyama ya bucha?"

"Hapana, dada, nilitaka kusema kwamba..."

"Umeshasema!"

Nilijiziba mdomo kwa khanga. Sikujua kama nacheka au nalia. Sostenes alikuwa amefumba macho.

Baba akainua mkono. Ndio mkono anaounyamazishia sauti ya nne kanisani wakizidi kunguruma, na sebule yote ilinyamaza.

"Mimi ni mwalimu wa nyimbo," alisema. "Siwezi kuuhukumu wimbo kwa jina. Watu wote hapa wameletewa jina, hakuna aliyeusikiliza. Kijana, umekuja nao?"

Sostenes akatikisa kichwa kukubali.

"Uweke."

Alifungua begi, akatoa kompyuta na spika ndogo, akaviweka juu ya meza katikati ya chupa za soda. Akabonyeza.

Mwanzoni kulikuwa na ukimya uliokuwa na pumzi ndani yake. Kisha tone. Kisha tone jingine, mbali, kama migomba inapojipangusa umande. Mvua ya mawe ilisikika kilima cha pili, ikatulia. Chini ya yote hayo kulikuwa na mlio mmoja mzito usiokwenda popote. Mama alijikunyata, akavuta kitenge chake mabegani, na nje jua lilikuwa linachoma.

"Utaanza lini?" Shangazi Tecla alinong'ona.

"Umeshaanza, dada," Gozbert alijibu kwa huzuni.

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akaangalia simu yake. Mimi nilisimama mguu mmoja, nikahamia wa pili, natamani uishe, naogopa uishe. Ndipo ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ndefu, ikipanda taratibu kutoka ndani ya ule ukungu. Ikatetemeka, ikajishika, ikapanda tena.

Baba aliinua uso. Aliisogelea spika, akainamisha sikio, akaanza kuifuata ile sauti kwa kidole hewani. Kisha akaiguna mwenyewe, chini chini, kama anavyofanya akimpa mwimbaji noti ya kuanzia.

"Zima," alisema.

Sostenes akazima.

"Hiyo ni sauti ya pili ya kwaya. Na hiyo ni ya mwanangu." Baba hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. "Nilimfundisha mwenyewe akiwa bado anang'oka meno. Hata uivute namna gani, mimi naijua. Umeipata wapi?"

Sostenes alifungua mdomo.

"Mposaji hasemi!" Gozbert alidakia. "Msemaji ni mimi."

"Haya, sema wewe. Ameipata wapi?"

Gozbert alimtazama mtoto wa kaka yake, akaitazama spika, akaitazama soda yake. "Mimi sijui, mzee wangu," alisema.

Lakini mimi nilijua. Ilinijia yote pale pale nyuma ya pazia. Ilikuwa ule mwezi wa saba tulipofahamiana, asubuhi baada ya harusi ya rafiki yangu huko Bukiriro. Sostenes alinichukua kilimani nikaone jinsi mabonde yanavyopotea kwenye ukungu. Nilikuwa na gauni jepesi la sherehe. Sisi wa Nyantakara hatuijui baridi ya namna ile, meno yaligongana, vidole sikuvisikia. Nikaanza kupasha sauti, aaa, aaa, kama baba anavyotufundisha kabla ya misa, ili tu nipate joto. Yeye alinivisha koti lake akanisikiliza. Kinasa sauti kilikuwa kimelala kwenye nyasi. Nilidhani amekizima. Sikuwahi kuwa na furaha kama asubuhi ile, na kumbe kila pumzi yangu ilikuwa inawekwa akiba, nami sikuambiwa.

Moto ulinipanda mpaka masikioni. Hasira, aibu, na kitu kingine ambacho sikutaka kukiangalia wakati huo.

Mama akaja kunishika mkono. Wakati wangu ulikuwa umefika. Msichana huitwa mbele ya wageni, akaulizwa kama anawafahamu. Akisema ndiyo, mazungumzo yanaendelea. Akisema hapana, wageni wanamaliza soda zao na safari ya kurudi inaanza. Hakuna rufaa.

Nilipiga magoti. "Shikamooni."

"Marahaba."

"Avelina," baba alisema, "wageni hawa wanasema wanakufahamu. Huyu kijana unamfahamu?"

Nilimtazama Sostenes. Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na yalikuwa yananiomba kitu, ila hata pale, hata siku ile, yaliniomba bila kusema. Nilingoja. Kila mtu alidhani wananingoja mimi, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nangoja.

"Baba, naomba nipumue kwanza," nilisema.

Nikainuka, nikapita jikoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma bila viatu. Nilimsikia Shangazi Tecla akimwita Yesu na Maria na Yosefu. Kisha nikasikia kiti kikianguka, na Gozbert akipiga kelele, "Sostenes! Mposaji hatoki! Lini uliona mposaji anatoka?"

Alinikuta kwenye tanki la maji, nyuma ya zizi la mbuzi. Jua lilikuwa kali, hakuna hata kivuli cha kutosha watu wawili.

"Ulinirekodi," nilisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Hukuniomba."

"Sikukuomba. Nimekosa, Avelina. Nitaufuta sasa hivi, uone kwa macho yako." Alikuwa ameshatoa simu.

Nikageuka. "Nani amekwambia ufute? Kila kitu kwako ni kubonyeza? Sauti ukiitaka unabonyeza, usipoitaka unabonyeza!"

"Basi unataka nini?"

"Maneno!" Nadhani hata mbuzi walishtuka. "Maneno, Sostenes! Kwetu hata msiba una beti zake. Unanitumia mvua ya mawe, mimi nipeleke wapi mvua ya mawe? Nimetukanwa soko zima, baba hanisemeshi, shangazi yangu amenichunguza kama mgonjwa, na wewe unasema nitakuja. Umekuja. Haya! Umekuja na spika!"

Akaitazama simu mkononi. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, narudi ndani kusema simfahamu. Niliinua mguu.

"Jina nililikosea," alisema.

Nikaushusha mguu.

"Niliposema baridi ya Avelina sikumaanisha kwamba ni yako. Ni ile iliyokupata wewe. Ya asubuhi ile." Alikuwa anaongea kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mimi nimezaliwa ndani ya baridi ile. Nyumbani tunaiita imbeho. Mtu akishaitaja, anafunga mlango, basi, habari yake imeishia hapo. Nimeirekodi miaka yote naona kuna kitu kimepungua, nikadhani ni mashine mbovu. Nikanunua mashine nyingine. Halafu ukaja wewe, ukatetemeka, ukaimba, nikaisikia kwa mara ya kwanza. Sikuweza kuzima. Nilijua nikikwambia kwamba haijazimwa utanyamaza."

"Ungeniomba baadaye."

"Nilitaka. Kila nikipiga simu nilitaka."

"Ukanisikilizisha upepo."

"Naogopa maneno, Avelina. Sauti nikikosea naifuta naanza upya. Neno likishatoka limetoka."

"Litoke tu. Likitoka vibaya nitalipokea hivyo hivyo."

Alivuta pumzi. Nilimwona akitazama begani kwangu, kwenye tanki, mbinguni, kisha akarudi usoni kwangu na hapo akabaki.

"Nakupenda," alisema, na sauti ikamkatika katikati. "Nakupenda na sitaki kurudi Bukiriro peke yangu. Nimechoka kukusikia kwenye mashine. Nataka uwepo wewe, unigombeze kwamba nimeacha viatu mlangoni."

Ningeweza kumrukia pale pale, mchana kweupe, mbele ya mbuzi. Lakini mimi nimelelewa na mwalimu wa kwaya.

"Rudia."

"Nakupenda."

"Mara ya pili umeshusha sauti."

"Nakupenda, Avelina!"

"Hapo sawa," nilisema, machozi yakinidondoka na mimi nacheka.

"Mmemaliza?"

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono nyuma. Sijui alikuwa pale tangu lini. Sostenes aliruka hatua nzima kutoka kwangu.

"Kijana, rudi ndani ukakae. Mposaji hasimami juani na binti wa watu."

"Ndiyo, mzee. Samahani, mzee." Akaondoka mbio, akajikwaa kwenye ndoo, akaendelea.

Baba alinisogelea. Kwa mara ya kwanza wiki ile alinitazama usoni.

"Ule wimbo siuelewi," alisema. "Hauna ubeti, hauna mahali pa kushika. Na kukuchukulia sauti bila ruhusa ni kosa, nitamwambia mbele ya ndugu zake. Ila nimesikia kitu kimoja. Amekuacha ulivyo. Sauti zote zile amezilaza moja juu ya nyingine, na yako hakuipamba."

"Ndiyo, baba."

"Ngoja, sijamaliza. Leo amesema kwa sababu umemkimbiza mpaka huku. Iko siku utakuwa umechoka, huko kwenye milima yake, na yeye amenyamaza, na mimi sipo wa kumwambia aseme. Utafanya nini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kweli, kwa sababu lilikuwa swali la haki na baba hakuliuliza kwa kuniudhi. Niliiona nyumba ya walimu imezibwa na ukungu, na mwanamume amechuchumaa kwenye nyasi na kinasa sauti chake, hana habari kama nimelia au nimekula. Iliniogofya. Halafu nikamwona akijikwaa kwenye ndoo.

"Nitapiga kelele, baba," nilisema. "Kama leo."

Baba aliuma mdomo. Kicheko kilikuwa kinamtafuta na yeye anakikimbia. "Twende. Kanawe miguu."

Sikunawa. Nilirudi sebuleni nikapiga magoti pale pale nilipokuwa mwanzo, na vumbi langu. Gozbert alikuwa ameinamisha kichwa, naona alikuwa anasali. Shangazi Tecla alikuwa amefunga mikono kifuani. Sostenes alikuwa pembeni ya kochi, uso umelowa jasho, na safari hii hakulitazama zulia. Baba akaketi taratibu, akarekebisha kola, akasafisha koo kama anayeanzisha misa kubwa.

"Avelina, binti Pancras, mbele ya mama yako na shangazi yako, na mbele ya wazee hawa wa ukoo waliokuja kushuhudia, nakuuliza kwa mara ya pili na ya mwisho, huyu kijana aliyeketi hapa, je, una..."

"Namfahamu."

"Ngoja aulize!" Shangazi Tecla alipiga yowe.

"Namfahamu, baba," nikasema tena, kabla hajapata nafasi ya kuanza upya.